Shahidi wa Kitanda cha Juu

6 Januari

Kaka,

Kwanza kaa chini. Kama huko kwenu kukaa ni mpaka uombe ruhusa, basi egemea ukuta. Umeegemea? Haya. Nimeamua kuomba nafasi chuoni kwenu.

Ndiyo, mimi. Redio. Yule yule uliyemfungia kabatini kwa sababu alitangazia mtaa mzima kwamba umeanguka mtihani wa kemia. Mwaka huu namaliza shule, chuo cha maafisa kinachukua wasichana, na mimi sitaki kitu kingine. Ulipokuja likizo ukawa unakula umenyoosha mgongo kama umemeza rula, nilikucheka na wenzangu, lakini moyoni nilisema nami nitazivaa hizo sare.

Mama nimemwambia. Hakuinua kichwa kwenye cherehani, maana Januari hii ni sare za shule tu, sebule imejaa kaptula mpaka tunakula tumesimama. Alikata uzi kwa meno akasema, "Kwani mmoja hajanitosha?" Sikujua amekubali au amekataa, nawe unamjua, haulizwi mara mbili.

Sasa nieleze wanatafuta mtu wa namna gani. Mwalimu wa fizikia anasema ni alama tu. Kocha wetu wa netiboli anasema ni mapafu. Kinyozi wa hapo kona anasema ni kujuana, na kwamba wewe uliingia kwa bahati ya mtende. Wewe ndiye uliyepita kwenye tundu hilo la sindano, na sasa uko mwaka wa tatu. Sema ukweli, usinionee huruma.

Mdogo wako,
Redio

23 Januari

Redio,

Niliegemea ukuta, na bado sajini alinifokea kwa kuuegemea.

Kinyozi mwambie ashike mashine yake. Alama zinahitajika, tena hesabu na sayansi, lakini kila anayeomba ana alama. Zitakufikisha mlangoni, hazitakuingiza ndani. Wanaoingia ni wale ambao ukisoma karatasi zao unamwona mtu. Kwa hiyo usiandike "nilikuwa nahodha wa netiboli" ukaishia hapo, manahodha tuko nao hapa hadi wanagombania foleni ya chakula. Andika ile siku uliyomtoa uwanjani mfungaji wenu bora kwa sababu alimtukana mwamuzi, mkafungwa, na shule nzima ikakununia wiki mbili. Hiyo ndiyo wataisoma.

Kimbia ukiwa umeshachoka. Kukimbia na nguvu mpya kila mtu anaweza. Nenda kwa daktari wa meno sasa hivi, usicheke, kuna mwenzetu alirudishwa nyumbani kwa sababu ya jino. Na wadhamini wako wawe watu wanaokujua. Usimfuate mheshimiwa asiyejua hata unaishi nyumba gani, barua za namna hiyo zinanuka kutoka mbali. Mwalimu wa fizikia anatosha, maana umeshamchosha vya kutosha.

Ukiitwa kwenye usaili, hapo ndipo mchujo ulipo. Utawakuta watatu wenye sare, na pembeni kabisa mzee mmoja wa kiraia, shati jeupe, hana kibao cha jina mezani. Hao wenye sare watakutisha. Yeye atakuuliza habari za nyumbani kama mjomba, na utataka kumwambia kila kitu. Hatukuwahi kuambiwa kazi yake ni nini. Lakini usidanganye, hilo nakuambia mapema. Wanachokipenda kuliko vyote ni mtu anayesema kweli hata pale ambapo uongo ungemsaidia.

Kinanda anakusalimu. Huyu analala kitanda cha juu yangu, na tunamwita hivyo kwa sababu akipata usingizi pua yake inapiga sauti zote, nzito mpaka nyembamba. Ni bingwa wa hesabu. Anasema ukikwama uandike swali naye atakujibu, malipo ni soksi, maana zake zimebaki mpira wa juu peke yake.

Halafu jambo moja. Barua hapa zinapitia ofisi ya chuo, zinafunguliwa zikiingia na zikitoka. Umbeya wa mtaani usiuandike ukadhani nausoma peke yangu. Sajini wa barua, hujambo?

Kaka yako

19 Februari

Kaka (na sajini wa barua, sijambo, asante),

Jino limezibwa. Nililia, daktari akasema wanajeshi hawalii, nikamwambia bado sijapokelewa.

Kila asubuhi kabla ya shule napanda kile kilima cha matangi ya maji, nikifika juu nashuka napanda tena, na mlinzi wa matangi ananipigia makofi kwa sababu hana cha kufanya. Mwalimu wa fizikia ameandika barua ndefu. Hakunionyesha, ila aliniuliza kama neno "mbishi" ni sifa au ni lawama. Nikamwambia jeshini ni sifa. Nimekosea?

Insha ya kwa nini nataka nimeiandika mara sita na kuichana mara tano. Wenzangu wote wameandika kwamba wanaipenda nchi. Mimi nimeandika kwamba nataka kuwa mtu ambaye jambo likiharibika watu wanamtazama yeye, na yeye hatazami pembeni. Mama alinisikia nikiisoma kwa sauti. Akasema, "Watu kama hao ndio huanza kupigwa mawe," kisha akaniomba nimshikie pindo.

Soksi za Kinanda zimo kwenye kifurushi, jozi mbili, za kijivu. Mama ameongeza na zako ili usinune. Mwambie swali langu la hesabu liko nyuma ya ukurasa huu, na aniandikie hatua zote, asirukeruke kama wewe.

Redio

27 Machi

Redio,

Samahani, tulikuwa porini kwa mazoezi. Kulikuwa na joto kali.

Soksi zimefika. Nimeziweka juu ya kitanda chake, kimetandikwa vizuri. Mkuu wa Chuo alitukusanya uwanjani akatuambia kwamba Kinanda sasa ni shahidi, tunyooshe migongo tumheshimu, na anayetaka kuandika nyumbani aandike hivyo hivyo, asiongeze neno. Kwa hiyo nimekuandikia hivyo hivyo. Kinanda sasa ni shahidi. Lisome taratibu.

Swali lako la hesabu sijui atalijibu nani.

Nimefikiri juu ya maombi yako. Usiyapeleke mwaka huu. Kama umeshayapeleka na ukaitwa, waambie unataka mshahara na kofia, na kwamba unaogopa jua. Soma ualimu. Ungekuwa mwalimu mzuri sana wewe.

Msaidie mama. Mwambie nakula vizuri.

Kaka

8 Aprili

Kaka,

Nimeisoma taratibu kama ulivyosema, halafu nikaisoma haraka kwa hasira.

Niogope jua? Miezi mitatu napanda kilima mpaka kucha mbili zimeng'oka, unakuja kuniambia nisome ualimu? Sema tu. Unaona nitaingia, nitamaliza, na siku moja utanipigia saluti mimi, mdogo wako, na hilo haliwezi kupita kooni. Sikujua una kijicho. Haya, taarifa yako ni kwamba maombi yalishakwenda, na nimeitwa. Usaili ni tarehe kumi na nane.

Na hilo la Kinanda nalo umelificha ficha kama vile mimi mtoto. Kumbe ni shahidi! Wa kesi gani? Ndiyo maana kitanda kiko kitupu, wamemtenga ili asirubuniwe. Nilimuuliza kinyozi, akasema ndivyo inavyokuwa, shahidi wa kesi kubwa huwekwa pembeni mpaka atoe ushahidi wake. Namwonea fahari, mwambie. Mtu wa hesabu hawezi kupindisha maneno. Najua nawe unajua alichokiona, na najua huwezi kuandika, basi nasubiri likizo unisimulie.

Lakini kwa hilo la jua bado nimenuna.

Redio

12 Aprili

Redio,

Usimtaje Kinanda kwa mtu yeyote. Kwa kinyozi, kwa mwalimu, kwa mtu yeyote atakayekuchekea. Nakuomba.

Kaka

21 Aprili

Kaka,

Kununa kwangu kumekwisha, kwa sababu nimetia fora. Sikiliza.

Chumba kilikuwa kirefu, pazia zimefungwa mchana kweupe, taa zinawaka. Wale watatu wenye sare walikuwepo kama ulivyosema: kanali wa kike mwenye sauti ya mwalimu mkuu, daktari, na mwingine aliyekuwa anavunja vidole muda wote. Walinibana kwa hesabu, nikajibu. Wakanibana kwa ile mechi tuliyofungwa, wakitaka niseme nilijuta. Nikasema sikujuta, ila nililia. Kanali akaandika kitu.

Halafu yule mzee. Kaka, ni mtu mzuri! Shati jeupe, mikono laini, ananisogezea glasi ya maji mwenyewe. Akauliza mama anashonaje na macho yake siku hizi. Akauliza kama wewe huniandikia, nikasema sana, wewe ndiye mwalimu wangu. Akacheka akasema, "Na zile soksi za kijivu zilimtosha Kinanda?" Nikacheka mpaka nikashika meza. Nikasema, kumbe mnasoma kweli!

Nikajisikia niko nyumbani. Akauliza ni nani ninayemwona kama mfano wa mwanajeshi. Ningeweza kusema jemadari yeyote wa vitabuni, ila nilikumbuka ulivyosema kuhusu ukweli. Nikasema Kinanda. Nikasema Kinanda ni shahidi, na mtu anayekubali kusimama kusema alichokiona hata kama ni dhidi ya wakubwa ndiye ninayetaka kuwa kama yeye. Yule wa vidole akaacha kuvivunja. Mzee akauliza taratibu sana, "Shahidi wa nini, mwanangu?" Nikasema sijui mimi, kaka ndiye anayejua, ila ni siri na atanisimulia likizo. Akanishukuru. Wote wakasimama kunipa mkono, hata yule daktari, na wenzangu wanasema hakuna mwingine aliyepewa mkono.

Jioni.

Nilikuwa sijaifunga hii, barua yako fupi ilipofika. Uliiandika kabla ya usaili, imenifikia leo, na bahasha imebandikwa gundi juu ya gundi.

Kaka, nimefanya nini? Nilisema kweli tu. Nijibu haraka, hata neno moja. Sijala tangu nilipoisoma.

Redio

2 Mei

Redio,

Hii imetoka ndani ya mfuko wa nguo chafu. Dobi ndiye anayeileta, ni mzee, mpe maji na usimwulize kitu. Hakuna aliyeifungua.

Kinanda amekufa.

Nilidhani utaelewa. Mkuu wa Chuo aliposema shahidi hakuwa na maana ya mtu wa mahakamani. Alimaanisha mtu aliyetoa roho yake kwa ajili ya jambo kubwa, wale wanaoombewa na kukumbukwa kwa kusimama kimya. Lilikuwa neno pekee lililoruhusiwa kutoka, nami nikalitoa, nikasahau kwamba kwenye nyumba yetu shahidi ni yule anayeitwa kusema nani alivunja sahani.

Alikuwa na homa. Alimwambia mkufunzi wetu asubuhi, mkufunzi akasema anatega. Wakajaza mchanga kwenye begi lake la mgongoni, akaambiwa azunguke uwanja mpaka homa ishuke. Jua lilikuwa utosini. Aliomba maji. Mkufunzi akafungua chupa, akaimwaga chini mbele yake, polepole, akamwambia akimaliza atapewa nyingine. Alizunguka tena. Nilikuwa karibu kabisa naye alipoanguka, nikaambiwa nisimguse, ni mchezo. Nilitii, Redio. Nilisimama pale nimenyoosha mgongo. Daktari alikuja wakati hakuna tena cha kufanya.

Baadaye ikaja karatasi. Inasema alizaliwa na moyo mbovu akauficha ili apate nafasi. Wote waliokuwepo wametia saini. Mimi sijatia. Tangu siku hiyo hakuna anayenisemesha mezani, na kalamu ile ile inaletwa kila siku, na kila siku inasogezwa karibu zaidi.

Juzi niliitwa. Mzee wa shati jeupe alikuwa na barua zako zote mezani, amezipanga vizuri, akaniambia una mwandiko mzuri. Halafu akasema, "Mdogo wako anasema kuna shahidi, na kwamba unajua wa nini." Nikaelewa hapo hapo kwamba umelirudia lile neno mbele yao. Mpaka ulipoandika na kusema hivyo walidhani mimi ni mkaidi tu. Sasa wanaamini nimeshasema nje. Wanataka kujua nimekuandikia nini kingine.

Usijilaumu. Nasema kwa moyo wote, usijilaumu. Nilikuambia wanampenda mtu mkweli, na ni kweli wanampenda, kama mama anavyoipenda sindano iliyomdondoka: hatulii mpaka aipate.

Watakupa nafasi. Ikatae. Watakuja kwa upole, na upole wao ndio wa kuogopa.

Mama yake Kinanda anauza viatu vya mitumba nje ya stesheni ya treni, kwenye ule mji wa pili kutoka kwetu, upande wa mlango wa mizigo. Ameambiwa ni moyo. Alijengewa kaburi zuri. Sijui kama nina haki ya kukutuma kwake. Fanya utakavyoona.

Kesho nahamishiwa chumba cha peke yangu ili nipumzike, ndivyo walivyosema. Naogopa. Sijawahi kukuambia hivyo tangu tuzaliwe.

Kaka yako

10 Mei

KUH: KUKUBALIWA KUJIUNGA NA CHUO

Tunayo furaha kukuarifu kwamba umechaguliwa kujiunga na Chuo kwa mwaka huu wa masomo. Jopo liliridhishwa na matokeo yako, afya yako na uongozi wako, na kwa namna ya pekee liliguswa na ukweli wako.

Unaagizwa kuripoti tarehe 5 Juni, wiki moja kabla ya wenzako, katika ofisi ya nidhamu. Njoo na vyeti halisi, viatu vya mazoezi, na barua zote ulizowahi kuandikiwa na ndugu yako aliyeko chuoni. Usibaki na nakala. Asiyetimiza masharti haya atahesabiwa kuwa ameikataa nafasi.

Kwa niaba ya Mkuu wa Chuo,
Ofisi ya Nidhamu

17 Mei

Mpendwa mdogo wangu,

Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima wa afya. Mimi pia ni mzima na ninaendelea na mafunzo kama kawaida pamoja na wenzangu.

Nimefurahi sana kusikia kwamba umepata nafasi. Chuo hiki ni mahali pazuri na wakufunzi wetu ni kama wazazi. Yale niliyowahi kukuandikia yalitokana na uchovu. Marehemu mwenzetu alikuwa na ugonjwa wa moyo, nami nimethibitisha hivyo kwa maandishi.

Tafadhali fika kwa wakati ukiwa na barua zote. Usimpe mtu mwingine.

Msalimie mama mzazi.

Ni mimi kaka yako mpendwa

24 Mei

Binti yangu,

Mimi ni yule mtu wa kufua. Mjukuu wangu ndiye anayeniandikia, na hajui anachoandika.

Nguo za kila kadeti zina namba, na mimi ndiye ninayezihesabu. Namba ya kaka yako haijaja kufuliwa tangu wiki ile niliyokuja kwenu. Shuka hazijaja, wala taulo. Mtu anayefanya mafunzo hutoa jasho. Niliuliza mara moja, nikaambiwa nifue zilizopo.

Usinijibu, usinitaje. Nina watu wananitegemea.

28 Mei

Kaka,

Hii naituma kwa posta ya kawaida, ipite ofisini kwenu, ifunguliwe kama zote. Kwa hiyo nawasalimu wote mnaosoma. Mzee wa shati jeupe, nakusalimu wewe wa kwanza. Macho ya mama yanaendelea vizuri.

Kaka, barua yako ya tarehe kumi na saba nimeipata. Mwandiko ni wako. Nimeisoma yote nikitafuta mahali uliponitania, hata kidogo, hata uniite Redio mara moja. Sikupaona. Na "mama mzazi" tangu lini? Mama aliisikiliza, akasimamisha cherehani katikati ya mshono, akasema, "Huyu hakuandika, huyu aliandikishwa." Kisha akalia, na mimi sijawahi kumwona mama akilia kazi ikiwa haijaisha.

Nataka ujue kwamba nilikwenda stesheni. Mama yake Kinanda ni mwembamba, anaongea haraka, anabishana na wateja mpaka wanacheka. Nilikaa kwenye benchi lake la kujaribia viatu nikamsomea barua zako zote, pamoja na ile ndefu. Mnaosoma mtauliza ilinifikiaje. Redio haitaji aliyeileta habari. Alinisikiliza akiwa ameshika kiatu kimoja cha mtoto. Nilipomaliza hakupiga kelele. Aliniomba nirudie pale penye maji. Nikarudia. Akaniomba tena. Mara ya tatu akasema niache, na akaniuliza kama wewe ulikuwa karibu naye alipoanguka, nikasema ndiyo, akasema, "Basi hakuwa peke yake." Nimeyaandika haya ili uyabebe popote ulipo.

Barua sasa anazo yeye. Ameziweka anakojua yeye. Mimi hata mkinipekua mpaka kwenye soksi hamtazikuta.

Kuhusu nafasi. Niliitaka kuliko kitu chochote duniani, na bado naitaka, na hilo linanitia aibu kila ninapoamka. Nilikuwa napanda kile kilima nikijiona nimevaa kofia. Kila mlichosema mnakitafuta kwa mtu nilikuwa nacho, na nilikileta mwenyewe mpaka mezani kwenu, nikawapa na kaka yangu juu yake. Nikikumbuka nilivyocheka nimeshika ile meza natamani kujitapikia. Kaka, unisamehe. Ulisema nisijilaumu, nami nakutii kwa yote isipokuwa hilo.

Tarehe tano nitafika kama nilivyoagizwa, mapema, kabla jua halijawa kali. Nitakuja na mama, na mama yake Kinanda, ambaye amefunga biashara yake. Hatutaingia ofisini. Tutasimama nje ya mlango mkubwa, penye barabara, mahali ambapo kila anayepita anaona. Nitaita jina lako kamili, lile la cheti, na mnajua sauti yangu ilivyo. Nitaliita mpaka utoke.

Simtaki mkufunzi, wala kanali, na ukiletwa umeshikwa huku na huku nitajua. Nataka utoke kwa miguu yako, unitukane kwa kukupigia kelele mbele ya wenzako. Ukitoka hivyo, tutakaa tuongee yote, hata hiyo nafasi.

Ila akitoka Mkuu wa Chuo badala yako, amevua kofia, basi asihangaike kusema lile neno, safari hii nitalielewa.

Mdogo wako,
Redio